Mwuguzi Mgeni na Mwaka Wake wa Kwanza

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Huenda baadhi yenu mkajiuliza, makarani wana lipi la kusema juu ya uuguzi? Twaomba mtuvumilie kidogo, maana jambo hili hupita mezani petu kila mwaka, wala hatulitambui, kwa kuwa huja katika sura ya karatasi.

Mwuguzi aliyemaliza masomo hapa Tanzania husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, kisha akipata ajira ya Serikali hupewa barua ya kupangiwa kituo. Mwenye shahada hupitia kwanza mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, chini ya usimamizi. Mwenye cheti au stashahada aghalabu huingia kazini moja kwa moja, na kituo chenyewe chaweza kuwa zahanati ya kijijini yenye watumishi wawili au watatu tu. Jana alikuwa mwanafunzi, na mwalimu yu nyuma yake. Leo ni usiku, ni zamu yake, na nyuma yake hapana mtu.

Wako waliolichunguza jambo hili. Mwaka 1974 Bi. Marlene Kramer, mwuguzi wa Marekani, alitoa kitabu juu ya mshtuko unaowapata wauguzi wapya: kwamba siku za kwanza huwa za furaha kama fungate, kisha huja kishindo, pale waonapo kwamba yaliyofundishwa na yanayotendeka hayafanani. Naye Bi. Patricia Benner, mwaka 1984, alieleza ngazi 5 za mwuguzi tangu mwanagenzi hata bingwa, akasema ya kuwa ngazi ya tatu, ile ya kuimudu kazi, kwa kawaida hufikiwa baada ya miaka 2 au 3 katika kazi ya namna moja. Itafakarini hesabu hiyo. Sisi twamtaka aimudu tangu Jumatatu aliyoripoti.

Tutoe mfano. Mama amejifungua usiku. Mwuguzi mgeni ajua vema kwamba yampasa kumchoma sindano ya oksitosini, uniti 10, msulini, ili kuzuia damu isitoke kwa wingi. Swali hilo alilijibu katika mtihani. Ajua tena kwamba dawa hiyo huhifadhiwa penye baridi. Asilolijua ni kwamba ufunguo wa jokofu uko kwa nani. Hilo halimo kitabuni. Mwenzake aliyemtangulia angalimwambia kwa neno moja tu mchana ule, kama angaliulizwa. Lakini wageni wengi hawaulizi. Waliuliza mara ya kwanza wakajibiwa, "Kwani huko chuoni mlifundishwa nini?" Tangu siku ile mdomo umefungwa, na hatari humwangukia mgonjwa.

Huko Uingereza hospitali nyingi zina desturi ya kumpa mgeni mwuguzi mmoja mzoefu, ajulikanaye kwa jina, wa kumwongoza katika miezi ya kwanza. Desturi hiyo yafaa, wala haihitaji fedha nyingi. Yahitaji mambo mawili tu: mlezi huyo apunguziwe kazi kidogo, na zamu zake zikutane na za mgeni. Maana kumwandika bibi fulani kuwa mlezi, kisha wasionane hata mara moja katika mwezi, ni kazi ya karatasi. Na sisi, mabwana, twazijua kazi za karatasi.

Basi tuje kwetu wenyewe. Katika wilaya moja ambayo hatutaitaja, baadhi yetu tulipokuwa tukitumika huko, aliripoti mwuguzi kijana mwezi wa Julai. Jina lake katika cheti cha kuzaliwa lilikosana na la cheti cha shule kwa herufi moja. Fomu zake zikawekwa pembeni masijala, zikingoja. Hapana aliyemwita kumwambia kwamba yatakiwa hati ya kiapo, nayo ni safari ya siku moja mahakamani. Bila cheki namba hapana mshahara. Miezi mitatu alikopa unga dukani, akaingia zamu za usiku na njaa, akidhani ya kuwa Serikali imemsahau. Serikali haikumsahau, jalada lilikuwa chini ya birika la chai. Tulipolifungua, alikwisha rudi kwao, na zahanati ile ikabaki na mwuguzi mmoja. Kosa lile lilikuwa letu, wala hatukuandikiwa barua ya onyo na mtu yeyote.

Kwa hiyo twaomba tawi likubali hivi. Mgeni akiripoti, karani wa masijala alinganishe majina katika vyeti vyote siku ile ile, akiwapo mwenyewe, na kama pana pungufu amwambie kwa maneno yanayoeleweka. Dai lake la posho ya kujikimu lijazwe kabla hajatoka ofisini; asiambiwe arudi kesho, maana kesho yu kituoni, na nauli hana. Tena tarehe ya kumaliza miezi 12 ya majaribio iandikwe katika kalenda ya ukutani, ili kuthibitishwa kwake kazini kusimngoje yeye kukumbusha. Habari ya nyumba ni ndefu, tutaiacha kwa mkutano mwingine. Na wanachama wetu walio hospitalini, wenye miaka mingi ya kazi, twawaomba waandikishe majina yao kwa Bwana Katibu leo, kila mmoja achukue mgeni mmoja.

Tangu juma lililopita majalada matatu ya wauguzi wapya yamo masijala. Tumeyatazama kabla ya kuja hapa. Mawili hayana kasoro. La tatu lina tofauti ya herufi katika jina la baba, na mwenyewe ameagizwa kuondoka keshokutwa kwa basi la alfajiri. Kesho asubuhi mmoja wetu atakwenda naye mahakamani.