Jimbo si Nyarubanja



Wazee wa Buhaya wenye umri mkubwa wangali wanakumbuka maana ya nyarubanja. Ilikuwa ni ardhi pamoja na watu waliokaa juu yake. Mtwarwa alilima kibanja, akapanda migomba na mibuni, akazaa humo na kuwazika wazazi wake humo. Hata hivyo alipaswa kumtolea mtwazi kodi, kwa kuwa ardhi ile haikuhesabiwa kuwa yake. Mwaka 1965 ilitungwa sheria ya kuwakomboa watwarwa wa nyarubanja. Mwezi Septemba mwaka huohuo wananchi wa Bukoba, pamoja na wenzao wa Tanzania Bara yote, walichagua wabunge kwa mara ya kwanza chini ya katiba ya chama kimoja. Si vibaya kuyatazama mambo hayo mawili kwa pamoja, maana swali lililomo ndani yake ni moja. Kibanja ni cha nani, na jimbo ni la nani?

Swali hilo halijazeeka. Mbunge aliyemo madarakani anaporudi kuomba kura mahali ambapo chama kimoja kina nguvu kupita vingine vyote kwa mbali, matokeo ya siku ya uchaguzi mkuu huwa yanajulikana kabla masanduku hayajafunguliwa. Je, anarudi kama mtumishi anayekwenda kutoa hesabu, au kama mtwazi anayepita kukusanya kilicho chake?

Nchi hii ilikutana na tatizo hilo mapema sana. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na wagombea wake 58 walipita bila kupingwa. Yaani katika sehemu kubwa ya Tanganyika mwananchi hakupata hata nafasi ya kutumbukiza karatasi. Chama kilipendwa, hilo halina ubishi. Lakini kule kupendwa kwa chama ndiko kulikomnyima mpiga kura uwezo wa kumchagua mtu. Tume iliyoundwa Januari 1964 chini ya uongozi wa Rashidi Kawawa, na kutoa taarifa yake mwaka 1965, ililazimika kujibu jambo hilo: mtu atamwondoaje mbunge asiyefaa bila kukiacha chama anachokipenda?

Jibu lake lilikuwa rahisi kueleweka. Mkutano wa TANU wa wilaya uliwapima walioomba, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, na wote wawili wakasimama mbele ya wananchi wakiwa wanachama wa chama hichohicho. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Walizunguka jimboni pamoja na kuhutubia jukwaa moja, kwa Kiswahili. Ilikatazwa kutafuta kura kwa kabila, kwa dini au kwa rangi ya ngozi, na mgombea hakuruhusiwa kutumia fedha zake kufanyia kampeni. (Wapo walionung'unika kwamba katika nchi ya wakulima jembe lilikuwa na bahati kuliko nyumba, malalamiko ya namna hiyo hayakosekani katika uchaguzi wowote.)

Utaratibu huo ulikuwa na upungufu wake, nao hauna haja ya kufichwa. Halmashauri Kuu ya Taifa iliweza kumwacha aliyependwa wilayani. Nafasi ya Rais ilikuwa na jina moja tu, na kazi ya mpiga kura ilikuwa kusema Ndiyo au Hapana. Sera ya chama haikuwa na mpinzani jukwaani. Lakini katika jambo moja utaratibu ule uliuma kwelikweli: uliwaangusha wakubwa. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha na mmoja wa waasisi wa ushirika wa wakulima wa pamba katika Kanda ya Ziwa, alishindwa Mwanza mwaka 1965 na mtu wa chama chake mwenyewe. Kama waziri mwenye sifa zile aliweza kuangushwa na wakulima aliowapigania, basi hapakuwa na mbunge aliyeweza kulala usingizi mzito. Na kweli, katika chaguzi zilizofuata za wakati ule wabunge wengi waliokuwamo madarakani waliondolewa namna hiyohiyo.

Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ulirudishwa, ingawa takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni mbele ya Tume ya Jaji Nyalali walitaka chama kimoja kiendelee. Jembe na nyumba vikawekwa ghalani. Ilidhaniwa kuwa tangu hapo ushindani ungekuwa kati ya chama na chama, na mahali pengine ndivyo ilivyokuwa. Kwa sehemu kubwa ya vijiji vya Kagera, hata hivyo, ushindani ulihamia mahali pengine kabisa: katika kura za maoni za CCM. Uchaguzi wa Oktoba ukawa kama sherehe ya kuthibitisha jambo lililokwisha kuamuliwa miezi miwili au mitatu nyuma.

Muleba Kusini ni mfano mzuri. Wilson Masilingi, aliyekuwa waziri katika serikali ya Rais Mkapa, alikuwa mbunge wa huko hadi mwaka 2010. Hakuondolewa na chama cha upinzani. Aliondolewa ndani ya chama chake na Profesa Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba, aliyekuwa amerudi nyumbani kutoka Nairobi baada ya kuliongoza Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi. Mwaka huohuo Muleba Kaskazini nayo ikapata mbunge mpya, Charles Mwijage, mahali pa Ruth Msafiri. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka ule wanachama wote wa CCM waliruhusiwa kupiga kura za maoni katika matawi yao, badala ya wajumbe wachache kukaa ukumbini. Mlango ulipanuliwa, na wengi wa waliokuwamo ndani wakajikuta nje.

Kuanzia hapo Kagera inatoa somo ambalo ni adimu kulipata mahali pamoja. Katika muda wa miaka 5 wabunge watatu wa Bukoba na Muleba walipoteza uwaziri. Khamis Kagasheki, Mbunge wa Bukoba Mjini, aliacha Wizara ya Maliasili na Utalii Desemba 2013, baada ya Bunge kupokea taarifa ya maovu waliyofanyiwa wananchi katika Operesheni Tokomeza. Profesa Tibaijuka aliondolewa Wizara ya Ardhi Desemba 2014 katika sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, kwa sababu ya shilingi bilioni 1.6 alizopokea, ambazo mwenyewe alieleza kuwa ni mchango kwa ajili ya shule. Mwijage naye aliondolewa Wizara ya Viwanda, Biashara na Uwekezaji Novemba 2018, wakati wa mgogoro wa bei ya korosho.

Wote watatu walirudi kwa wapiga kura. Mwaka 2015 Muleba Kusini ilimrudisha Profesa Tibaijuka bungeni, akakaa hadi 2020 alipoacha kugombea. Mwaka 2020 Muleba Kaskazini ilimrudisha Mwijage. Bukoba Mjini peke yake, mwaka 2015, ilimkataa Kagasheki na kumpa kura Wilfred Lwakatare wa CHADEMA.

Kwa nini? Ni rahisi kusema kwamba watu wa mjini husoma magazeti na watu wa vijijini hawasomi. Jibu hilo ni la dharau, tena si la kweli. Muleba ni nchi ya shule na seminari za zamani. Mwalimu yeyote aliyefundisha Rubya, Kamachumu au Nshamba anajua kwamba habari za Dodoma hujadiliwa huko chini ya migomba kwa makini kuliko katika ofisi nyingi. Mpiga kura wa Muleba alizijua habari za waziri wake. Aliziweka katika mizani pamoja na mambo mengine: barabara, bei ya kahawa, mnyauko wa migomba ulioingia Kagera mwaka 2006 na kuharibu chakula cha nyumbani, na usafiri wa watu wa visiwa vya Bumbire na Ikuza. Kwake uwaziri ni mali ya Rais, anayeutoa na kuutwaa. Ubunge ni mali ya jimbo. Kumwadhibu mtu mara mbili kwa kosa moja hakukuwa lazima.

Lakini liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Mwana CCM wa Muleba aliyechoshwa na mbunge wake alikuwa na mlango mmoja tu wa kumtolea, yaani kura za maoni. Mlango huo ukishafungwa, huwa amebakiwa na kuchagua kati ya mtu asiyemtaka na chama asichokitaka. Mtu wa Bukoba Mjini alikuwa na mlango wa pili, na alikuwa ameuzoea. Mwaka 2000 alimchagua Lwakatare huyohuyo, wakati huo akiwa CUF, naye akawa Kiongozi wa Kambi ya Upinzani Bungeni. Mwaka 2005 akampa kiti Kagasheki wa CCM. Mwaka 2015 akageuka tena. Mbunge wa mji wa namna hiyo anajua kwamba anakaa kwenye kiti cha kuazima.

Tena CCM ya Bukoba Mjini ilijidhuru yenyewe. Mbunge na Meya Anatory Amani, wote wa chama kimoja, walivutana kwa muda mrefu juu ya miradi ya Manispaa, ukiwamo ujenzi wa soko jipya. Agosti 2013 chama mkoani kiliwafukuza madiwani 8, kisha ngazi ya taifa ikautengua uamuzi huo. Wafanyabiashara wa sokoni na wakazi wa Kashai na Hamugembe walitazama ugomvi huo kwa miaka, hali soko likibaki lilivyokuwa. Chama chenye nguvu kikigombana chenyewe, mpiga kura haulizi nani alikuwa na haki. Anatafuta mtu mwingine.

Hapa hapana budi kusema neno juu ya fedha. Wakulima wa Kagera wanaijua butura: kahawa inauzwa ingali mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mwenye shamba ana shida leo na mavuno ni ya kesho. Kura za maoni nazo zina butura yake. Mwaka 1965 mgombea hakuruhusiwa kutumia fedha yake kujinadi; mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010. Kadiri wapigaji wa kura za maoni wanavyokuwa wachache, ndivyo ilivyo nafuu kuwafikia mmoja mmoja usiku. Kununua ukumbi wa wajumbe mia kadhaa ni kazi ya tajiri mmoja; kununua wanachama wote wa matawi yote ya jimbo ni kazi ya kumfilisi.

Ndiyo maana namna ya kuteua si jambo dogo la ndani ya chama. Mwaka 2020 CCM ilirudi kwenye kura za wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, na mwaka huo Bukoba Mjini ikarudi mikononi mwa CCM, kwa Stephen Byabato, katika uchaguzi ambao vyama vya upinzani viliyakataa matokeo yake. Mwaka 2025 idadi ya wapigaji wa kura za maoni iliongezwa sana, lakini majina yalichujwa kwanza huko juu. Na katika uchaguzi mkuu wa Oktoba mwaka huo CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi za kura. Mlango wa pili, ule ambao watu wa Bukoba Mjini walikuwa wameuzoea, haukuwa wazi kama zamani. Kwa hiyo uzito wote umeuangukia mlango wa kwanza.

Ndugu walimu na watumishi ndio wanaofahamu jambo hili kwa ukaribu zaidi. Wengi wao wamekaa vituoni kama wasimamizi na makarani: wamehesabu kura mbele ya mawakala, wakajaza fomu, wakabandika matokeo nje ya kituo ili kila mpita njia asome. Kazi hiyo ina taratibu, na kila hatua ina shahidi. Kura za maoni nazo siku hizi huhesabiwa hadharani. Lakini baada ya kuhesabiwa hupanda ngazi kutoka wilaya hadi mkoa na kufika kwenye vikao vya taifa, na aliyeongoza anaweza kuachwa akateuliwa wa pili au wa tatu. Huenda sababu ipo, na huenda ni nzuri: labda aliyeongoza alitoa rushwa. Isipotamkwa, mwanachama wa tawi la Kamachumu hawezi kutofautisha kati ya chama kilichomlinda na chama kilichompuuza. Barua moja kwa mkutano wa jimbo, isomwe mbele ya wajumbe walewale waliopiga kura, ikieleza kwa nini jina hili limepita na lile limeachwa, haihitaji fedha wala sheria mpya. TANU ya mwaka 1965 haikuiandika, maana ilipeleka majina mawili kwa wananchi na kuwaachia wao kazi ya kuamua. Chama kinachopeleka jina moja kina deni la maelezo, na mahali pa kulilipa ni kulekule jimboni, kabla ya kampeni kuanza.