Kana Ivutapo Mkono



Mtume Yakobo, katika sura ya tatu ya barua yake, anautaja usukani, kitu kidogo kiongozacho merikebu kubwa. Leo natuutazame usukani huo kwa makini, kwani mabaharia wa mwambao wetu wana somo hapo.

Mashua yatoka Unguja kuelekea Bagamoyo wakati wa kusi. Upepo waipiga ubavu wa kushoto. Mara omo yaanza kugeukia upepo, na kana yauvuta mkono wa mshika usukani. Asiyejua huongeza nguvu. Huishikilia kana hadi bega lamuuma, na mashua yapoteza mwendo, kwa maana usukani uliopindishwa sana huwa kama breki majini.

Nahodha mzoefu hutafuta kwanza sababu. Nguvu ya upepo katika tanga ina kitovu chake, na ukinzani wa maji ubavuni mwa chombo una kitovu chake. Kitovu cha tanga kikiwa nyuma ya kile cha maji, tezi husukumwa demani, na omo huelekea joshi. Chombo kikilala mno, tanga hutokeza nje juu ya maji na kuzidi kukizungusha. Shehena ikirundikwa omo, omo huzama na kushika maji, na mvuto huongezeka. Dawa ni kulegeza kamba ya tanga, kupunguza tanga lenyewe, watu kukaa upande wa joshi, na kusogeza mzigo nyuma kidogo. Hapo kana hulainika.

Je, ni wangapi miongoni mwetu tunaoongoza nyumba, jumuiya na vigango kwa mkono uliochoka? Baba hupaza sauti kila jioni, katekista hukemea kila Dominika, na chombo chazidi kupinda. Pengine tanga ni kubwa mno kwa upepo uliopo: tumejitwika mengi kupita kiasi. Pengine mzigo wote umerundikwa mahali pamoja, na mama peke yake ndiye aubebaye. Tuupange upya mzigo kabla ya kuongeza ukali.

Walakini si kila mvuto ni adui. Mabaharia hupenda usukani upinde kidogo, yapata digrii 3 hadi 5. Kwa mvuto huo mkono hukihisi chombo. Tena kana ikiponyoka, chombo hugeukia upepo na mwendo wake hupungua. Chombo chenye tabia ya kinyume hukimbia na upepo, na tanga laweza kuruka ubavu wa pili kwa kishindo na kukipindua. Kadhalika dhamiri ituvutayo kidogo tuelekeapo pabaya, tusiilaani. Siku mkono wetu utakapoteleza, hiyo ndiyo itakayotuzuia.

Juma hili, kabla ya kukaza kana, kila mmoja ajiulize: nimetweka tanga la kiasi gani, na mzigo nimeuweka wapi?

Nawatakieni Dominika njema.