Masoko ya Mtandaoni kwa Mfanyabiashara Mdogo: Tangazo Limefika, Mzigo Je?



Barua ya mwaliko wa semina hii ilinitaka nizungumzie ubunifu katika masoko ya mtandaoni na mielekeo mipya ya biashara kwenye intaneti. Masoko ya mtandaoni, kwa kifupi, ni kumtafuta mteja, kumvutia na kumfanya arudi, kwa njia ya intaneti. Biashara mtandao ni kuuza na kununua kwa njia hiyohiyo. Hakuna humu asiyejua hayo, na vijana wa meza za nyuma wanayafanya vizuri kunishinda, kwa hiyo sitakaa hapo.

Mielekeo nayo niipitie upesi. Video fupi zimeipiku picha: fundi anayejirekodi akikata kitambaa mpaka mteja anapoivaa suti anauza kuliko anayebandika suti iliyoning'inizwa ukutani. Laivu za usiku zimegeuka mnada. Belo la mitumba linafunguliwa mbele ya simu, nguo inatajiwa bei, wa kwanza kuandika "yangu" ndiye mwenyewe. WhatsApp Business, iliyoanza mwaka 2018, imempa muuza vitenge katalogi bila kulipia tovuti. Akili mnemba sasa inatuandikia maelezo ya bidhaa, na matokeo yake maelezo yote yanafanana, ya sabuni na ya viwanja. Halafu bado tuna ugonjwa wa "bei njoo DM". Dawa yake ni kuandika bei.

Waliowahi kunisikia wanajua ninakoelekea. Mafunzo yetu mengi yanaishia mteja anapoandika "naipataje?" Hapo ndipo biashara inapoanza, na hapo ndipo inapofia. Kati ya muamala na mzigo kuna pengo, na kwenye pengo hilo hakuna mtu amesimama. Anayetangulia kuachia, awe mwenye pesa au mwenye mali, ndiye anayebeba hatari yote peke yake.

Tuanze na mnunuzi. Mama yuko Mpanda, ameona blenda kwenye ukurasa wa muuzaji wa Kariakoo. Anaambiwa alipe yote, kisha mzigo upelekwe stendi ya Magufuli, Mbezi, upakiwe kwenye basi. Jioni anatumiwa picha ya risiti ya basi. Anafurahi. Kesho yake anakwenda ofisi ya basi kule Mpanda na kuambiwa namba ile ni ya mzigo wa wiki iliyopita, tena wa mtu mwingine. Picha ni ya kweli, risiti ni ya kweli, ila tarehe imefunikwa na kidole gumba cha aliyeipiga. Ndiyo maana kila ninapofundisha nasisitiza: mteja aombe risiti inayoonyesha tarehe, namba ya mzigo na jina la mpokeaji, kisha apige simu ofisi ya basi mwenyewe, kwa namba ambayo hakupewa na muuzaji.

Muuzaji naye analia, na mara nyingi tunamsahau. Amekubali mteja alipe akipokea. Bodaboda anatoka Kariakoo na viatu hadi Bunju, jua kali, foleni ya Mwenge. Akifika, simu ya mteja haipatikani. Au mteja anatoka, anavijaribu, anasema rangi haikumpendeza. Nauli ya kwenda na kurudi ni ya nani? Ni ya muuzaji, na faida ya jozi ile haiilipi. Wengine wameonyeshwa ujumbe wa muamala uliotengenezwa, wakaachia mzigo kabla ya kuangalia salio. Akishaumwa hivyo mara mbili, muuzaji anaandika kwa herufi kubwa: MALIPO KWANZA. Yule mama wa Mpanda akiyasoma maneno hayo anafunga ukurasa.

Jumia, kampuni ya soko la mtandaoni, ilikuwa imejaribu kusimama katikati, ikiwa na utaratibu wa kulipa baada ya kupokea. Novemba 2019 ilifunga shughuli zake Tanzania, ikisema inaelekeza nguvu kwenye masoko yake mengine. Biashara nyingi ikabaki Instagram na WhatsApp, ambako hakuna wa katikati.

Wachina walikutana na tatizo hilihili. Taobao ilipofunguliwa mwaka 2003, watu waliogopa kumlipa muuzaji wasiyemjua. Alibaba ikaweka utaratibu wa kuishika pesa ya mnunuzi hadi athibitishe kwamba ameupokea mzigo, ndipo muuzaji alipwe. Huduma hiyo ndiyo Alipay, iliyotengwa kuwa kampuni mwaka 2004. Naomba tuliangalie hilo vizuri: kampuni ambayo leo tunaisifu kwa teknolojia ilianza kwa kumshikia mtu pesa yake.

Sisi vipande karibu vyote tunavyo. Pesa ya simu tunayo tangu 2008. Benki Kuu imejenga mfumo wa TIPS unaounganisha benki na mitandao, na kuna TANQR, msimbo wa malipo unaosomeka kwenye mitandao yote. Kampuni za simu zinatakiwa kuziweka fedha za wateja kwenye akaunti za amana benki, kwa hiyo kumshikia mtu pesa si jambo geni kwetu kisheria. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 imeweka namba kwenye milango. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni aonyeshe jina lake, anwani yake na njia ya kumpata. Nendeni leo mkafungue kurasa kumi za wauzaji mhesabu zenye anwani.

Kinachokosekana ni huduma ya amana ya mauziano, yaani pesa kushikwa hadi mzigo ufike, kwa mtu wa kawaida, ndani ya menyu ya simu, ya blenda na ya viatu. Taasisi ninayoitumikia haina msimamo rasmi kuhusu jambo hili, na haya ni maoni yangu. Natambua pia kwamba wadau wanahitaji kushirikishwa na kwamba mchakato una hatua zake. Lakini nimelisema kwenye vikao vya kutosha, na majibu nayajua kwa moyo: hoja imepokelewa, inafanyiwa kazi. Wakati inafanyiwa kazi, matapeli hawako likizo.

Mapendekezo.

Kwa kampuni za simu na benki: wekeni amana ya mauziano. Pesa ishikwe, mnunuzi athibitishe kwa namba ya siri, na siku zikipita bila malalamiko muuzaji alipwe. Ada iwe ndogo. Ikizidi, watu watarudi kwenye kuaminiana kwa macho.

Kwa Benki Kuu na TCRA, mamlaka ya mawasiliano: toeni mwongozo mfupi unaosema nani anaruhusiwa kushika pesa hiyo na nani anaamua mgogoro. Bila mwongozo hakuna kampuni itakayothubutu.

Kwa wauzaji: tumieni Lipa Namba, namba ya kupokelea malipo yenye jina la biashara. Mteja akiliona jina la duka kabla ya kuweka namba ya siri, nusu ya hofu inaondoka. Najua wengi mnapendelea namba binafsi kwa kuogopa kodi. Kasajilini jina BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, hata hivyo. Andikeni bei. Andikeni anwani.

Kwa wamiliki wa mabasi: risiti ya mzigo iwe na namba ambayo mpokeaji anaweza kuiuliza kwa ujumbe wa simu. Hili ni rahisi kuliko yote niliyoyataja.

Kwa wanunuzi: ujumbe wa kitapeli upelekeni 15040, namba ya TCRA, msiishie kuutukana.

Kwa kampuni za simu na benki, tena: amana ya mauziano. Mratibu wa semina alinishauri nisilirudie. Nimelirudia.

Kwa maafisa biashara: wakati tunasubiri, wafundisheni wauzaji kugawana hatari. Mteja atangulize nauli na sehemu ya bei, iliyobaki alipe akipokea. Si dawa kamili, ila bodaboda hatarudi kutoka Bunju kwa hasara. Na oda iandikwe. Huu hapa mfano wa ujumbe ambao muuzaji anaweza kuutuma. Uchukueni mkaubadilishe mnavyotaka:

"Habari dada. Oda yako ni blenda moja, lita moja na nusu, rangi nyeusi. Nimepokea nusu ya bei pamoja na nauli. Mzigo unakwenda stendi leo jioni, nitakutumia picha ya risiti yote, tarehe ionekane. Ukifika, ufungue na uiwashe hapohapo ofisini kwao, kisha umalizie malipo kwa Lipa Namba ya duka. Ikiwa na kasoro, niambie ndani ya siku tatu. Nauli ya kuirudisha ni juu yangu. Duka letu lipo Kariakoo, mtaa na namba ya jengo viko hapa chini."