Nani Aliyekwambia Huwezi?



Karibu kila mwaka mwanafunzi mpya huniambia, "Mwalimu, mimi hesabu hazipandi." Husema kwa utulivu, kama anayetaja kijiji alikozaliwa. Nikimuuliza ni hesabu zipi hasa, hukwama. Nikimuuliza nani alimwambia hivyo, hunijibu hapo hapo: mwalimu wa darasa la nne, baba mdogo, au dada aliyekuwa akimsomesha jioni. Sentensi nyingi tunazojisemea hatukuzitunga wenyewe. Tulizisikia tukiwa wadogo, tukazichukua bila kudai ushahidi.

Lakini yupo aliyeudai. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji iligombaniwa, naye akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu wa fizikia alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena darasa lilipokuwa likisoma kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Safari hii aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, akikosea hesabu, mwalimu na darasa walisema hizo ni hesabu za Mpemba.

Swali lilihusu maziwa na friji, jibu likamhusu mtoto. Hakuna aliyepima chochote. Hivyo ndivyo hukumu hizi zinavyofanya kazi: huacha jambo lililoulizwa, zikamshika muulizaji.

Mpemba hakuikubali hukumu hiyo. Rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga alimthibitishia kwamba wao pia huweka mchanganyiko wa moto. Alasiri moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi, akajaribu mwenyewe kwa maji. Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipoitembelea shule ya Mkwawa, Mpemba alisimama akamuuliza huku wenzake wakicheka. Osborne alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwa pamoja. Wanafizikia wanabishana hadi leo kuhusu sababu za jambo hilo, wengine hata kuhusu iwapo lipo kweli. Huo ndio ubishi alioustahili tangu Magamba.

Hukumu nyingine hupita bila kutamkwa. Mwaka 2010 mtafiti Sian Beilock na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Marekani juu ya walimu wa kike 17 wa madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo, hofu ya mwalimu kuhusu hesabu haikuhusiana na alama za watoto. Mwaka ulipokwisha, katika madarasa ya walimu wenye hofu kubwa, wasichana wengi zaidi waliamini kwamba hesabu ni za wavulana, na ni hao walioamini hivyo waliofanya vibaya. Utafiti huu unaniumiza, kwa sababu walimu wale hawakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Sidai kwamba maneno mazuri yatajaza pengo la vitabu au la walimu wa hisabati. Darasa la wanafunzi mia moja halifundishiki kwa sifa. Wala simwambii kijana ajisemee "naweza" mbele ya kioo. Hiyo nayo ni sentensi isiyopimwa. Namwomba aulize: tangu lini? Katika mada gani, desimali au aljebra? Mara ya mwisho nilijaribu lini, nikifundishwa na nani?

Kwenu wahadhiri wenzangu mnaokagua wanafunzi wetu katika mazoezi ya kufundisha, ombi langu ni dogo. Mtoto anapokosea mbele ya darasa, andikeni neno kwa neno alichojibiwa na mwalimu, kisha kaeni na mwalimu huyo mkisome pamoja kabla hajarudi darasani.