Keki ya Karobu na Fedha za Kisanduku



Sisi wa kamati ya mapishi tumepewa dakika chache tueleze habari ya karobu, maana inaulizwa sana, na mengine yanayosemwa gulioni si kweli.

Mwaka 2024 kakao ilipanda bei dunia nzima. Mavuno ya Ghana na Kodivaa yaliharibika kwa hali ya hewa na magonjwa ya miti, na tani moja ikapita dola 10,000. Hata ya kwetu ya Kyela ikapanda. Kopo tulilozoea kununua Lushoto likatushinda, na keki ndiyo iliyokuwa ikitulipia hisa.

Basi, binti wa mwanachama mmoja akatuletea kutoka Dar es Salaam pakiti 2 za unga wa karobu. Ni mti wa jamii ya kunde, wa nchi kavu zinazozunguka bahari ya Mediterania. Ganda lake hukaushwa, hukaangwa na kusagwa, mbegu zikitolewa. Mama mmoja akacheka, "Jamani, si ndiyo yale maganda ya mwana mpotevu?" Kweli, wataalamu wengi wa Biblia husema ndiyo hayo. Dada zetu Waislamu nao wakatuambia kwamba Misri hunywewa sharubati yake mwezi wa Ramadhani. Tukaona haya, tupike.

Keki ya kwanza tuliichoma. Tuliweka karobu sawasawa na kakao, sukari ile ile, na makaa mengi juu ya sufuria. Chini ikawa nyeusi, ndani tamu ya kukinaisha, na ilikuwa na chengachenga kama mchanga. Ya pili tuliuchekecha unga, tukaukoroga kwanza kwa maji ya moto, tukapunguza sukari robo kwa kuwa karobu ina utamu wake, tukaongeza mafuta kidogo, na moto ukawa wa pole. Hapo ikatoka laini, rangi ya udongo wetu baada ya mvua.

Kosa kubwa lilikuja gulioni. Tuliiuza kwa jina la keki ya chokoleti. Mama mmoja alirudi na kipande mkononi, akasema mbele za watu, "Hii siyo chokoleti, mmenidanganya." Alisema kweli. Karobu haina ule uchungu wa kakao. Tulimrudishia fedha, pamoja na wengine 3 waliokuwa nyuma yake, na gulio lililofuata tuliuza nusu tu ya sinia. Tangu hapo tunaandika KAROBU kwenye karatasi, herufi kubwa.

Halafu ikaja hoja ya kununua katoni nzima kwa fedha za kisanduku. Tulibishana vikao viwili, na wengine hawakusalimiana wiki nzima, tusifiche. Mtunza hazina akapiga hesabu: karobu nayo inatoka nje, na ukijumlisha usafiri hadi Mlalo, pakiti ilizidi kopo la kakao hata kwa bei ile mbaya. Na ni Januari, wazazi walikuwa wakisubiri mikopo ya ada. Tukakataa. Mwaka 2025 bei ya kakao ikaanza kushuka, na waliokasirika wakatupa mkono.

Sasa tunapika karobu kwa oda tu, mteja akitanguliza fedha. Wapo wazee wasioitaka kakao jioni kwa sababu ya kafeini, na karobu haina kafeini. Lakini akija mwenye ugonjwa wa sukari akidhani ni dawa, tunamwambia hapana, mama, hii nayo ina sukari.

Pale mezani kuna masinia mawili. La kushoto ni kakao, la kulia karobu. Onjeni yote mawili, mkaagize kwa katibu kabla hamjaondoka.