Printa isiyo na waya: jinsi ya kuiunganisha na kulinda siri za karatasi zetu



Maneno haya niliyasema mbele ya vijana wa mafunzo ya kompyuta. Nimeombwa niyaandike katika karatasi hii ili na wewe ambaye hukuwepo uyapate.

Leo tuzungumze juu ya printa, yaani mashine ya kuchapa karatasi, ile inayofanya kazi bila waya. Pengine utauliza: sisi tunaohangaika na kuni na maji, printa inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Maisha ya mkimbizi yamejaa karatasi. Kuna barua ya miadi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nakala ya kadi ya mgao, cheti cha shule, barua ya daktari. Karatasi hizi zina jina lako, namba ya familia yako, na pengine habari ya mambo yaliyokufanya ukimbie nyumbani.

Tazama tunavyofanya sasa. Mtu anakwenda kibandani, anatuma barua yake kwa WhatsApp kwenye simu ya mwenye kibanda, inachapwa, analipa, anaondoka. Karatasi ameichukua, lakini barua yenyewe imebaki katika simu ya mtu mwingine. Simu hiyo ikiuzwa au ikiibiwa, siri yako imekwenda nayo. Printa isiyo na waya ikiunganishwa vizuri inapunguza hatari hiyo, kwa sababu barua inatoka katika simu yako na kwenda moja kwa moja kwenye printa. Ikiunganishwa ovyo, inaongeza hatari nyingine. Kwa hiyo inatupasa kujua kazi hii, mwenye printa na mteja pia.

MTANDAO WA NYUMBANI NI NINI?

Wengi wanadhani bila intaneti hakuna kuchapa. Sivyo. Mtandao wa nyumbani unafanywa na kifaa kiitwacho ruta. Ruta ni kama kiongozi wa kijiji anayepokea barua na kuzifikisha nyumba inayohusika. Barua inayotoka nyumba hii kwenda nyumba ya jirani haina haja ya kupitia mjini. Vivyo hivyo, simu na printa zikiwa kwenye ruta moja, barua inapita kati yao bila kula bando. Aina chache tu za printa zinalazimisha intaneti hata kwa kuchapa, basi uliza kabla ya kununua.

KABLA YA KUNUNUA, FIKIRI UMEME

Printa ya wino wa maji hutumia makumi machache tu ya wati ikichapa. Printa ya leza hupasha moto ili unga wa wino ushike kwenye karatasi, na wakati huo huvuta mamia ya wati, nyingine hata zaidi ya 1,000. Kama unatumia sola na inveta ndogo ya wati 300, leza itaizima au kuiharibu. Lakini wino wa maji nao una adui zake: joto, vumbi na kukaa bila kazi. Chapa walau ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, ifunike kwa kitambaa safi, na uizime kwa kitufe chake. Usichomoe waya wa umeme ikiwa bado inafanya kazi, maana midomo ya wino itabaki wazi na kukauka.

HATUA ZA KUUNGANISHA

Kwanza, ondoa utepe na karatasi zote za kufungia, tia wino na karatasi, kisha weka printa karibu na ruta. Utaihamisha baadaye.

Pili, hakikisha ruta inatoa mawimbi ya gigahezi 2.4. Printa nyingi za nyumbani zinashika hayo tu, hazishiki ya gigahezi 5. Mawimbi ya 2.4 pia yanapenya kuta vizuri zaidi.

Tatu, iunganishe. Kama printa ina kioo, fungua menyu ya mtandao, chagua jina la ruta yako, andika neno la siri. Angalia herufi kubwa na ndogo, kwani kwa printa hazifanani. Kama haina kioo, tafuta kitufe cha waifai au cha WPS. Kibonyeze mpaka taa imeteme­te, halafu bonyeza kitufe cha WPS cha ruta kabla dakika 2 hazijapita. Printa nyingine zinataka programu ya kiwanda kwenye simu. Hiyo utaipakua mara moja tu, basi ipakue pale penye intaneti ya bei nafuu.

Nne, chapa ukurasa wa taarifa za mtandao. Printa nyingi zinaweza, na kitabu chake kinaeleza vitufe vya kubonyeza. Hapo utaona anwani ya namba, kwa mfano 192.168.1.25. Iandike pembeni. Ukiona namba inayoanza na 169.254, ujue printa haikupewa anwani na ruta, basi rudia hatua ya tatu.

Tano, unganisha simu yako kwenye ruta hiyo hiyo. Simu za Android, tangu toleo la 8 la mwaka 2017, zina huduma ya kuchapa ndani yake. Ipo katika mipangilio. Simu za iPhone zinatumia AirPrint, iliyoanza mwaka 2010. Fungua barua, chagua kuchapisha, jina la printa litatokea. Kwenye kompyuta, fungua sehemu ya printa, ongeza mpya, na isipoonekana andika ile anwani ya namba.

Sita, ingia kwenye mipangilio ya ruta, uiambie itunze anwani hiyo kwa ajili ya printa peke yake. Usipofanya hivyo, umeme ukikatika na kurudi, printa inaweza kupewa namba nyingine, na kompyuta iliyozoea ile ya zamani itasema haioni kitu.

IKIKATAA

Usikimbilie kumwita fundi. Jiulize maswali haya.

Je, simu na printa ziko kwenye mtandao mmoja kweli? Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, na aliye kwenye mtandao wa wageni kwa kawaida haioni printa ya wenyeji.

Je, waifai unayotumia inafungua ukurasa wa kuandika namba ya vocha? Printa haiwezi kuandika vocha. Hapo unahitaji ruta yako mwenyewe, hata isiyo na intaneti, au utumie mtandao unaotolewa na printa yenyewe. Mtandao huo mara nyingi jina lake huanza na neno DIRECT, na hauhitaji ruta kabisa.

Je, ruta haina bando? Simu ikiona hakuna intaneti inaweza kuiacha waifai na kurudi kwenye laini bila kukuambia. Ikikuuliza kama unataka kubaki, kubali, au zima kwanza data ya laini.

Ukishajibu hayo, zima vyote. Washa ruta, ngoja dakika chache, washa printa, mwisho simu. Mara nyingi hii inatosha.

KULINDA SIRI ZA WATU

Sasa sikiliza vizuri, hasa wewe mwenye kibanda. Watu wanakuamini.

Badilisha neno la siri la kuingilia mipangilio ya ruta. Lile la kiwandani linajulikana na wengi. Printa nayo ina mipangilio yake, inayofunguka ukiandika ile anwani ya namba kwenye kivinjari. Iwekee neno la siri pia.

Funga waifai kwa WPA2 au WPA3. Usiiache wazi, na usitumie WEP, ni kufuli bovu. Neno la siri liwe la herufi 12 au zaidi, lisiwe namba yako ya simu wala jina la mtoto wako.

Zima WPS ya namba. Tangu mwaka 2011 inajulikana kwamba namba hiyo ya tarakimu 8 hukaguliwa kwa vipande viwili, hivyo mwizi anahitaji kujaribu mara 11,000 tu, si mamilioni. Ukimaliza kuunganisha kwa kitufe, zima WPS yote. Na mtandao wa DIRECT kama huutumii, uzime.

Kama wateja wanaingia kwenye waifai yako ili wachape wenyewe, tenga ruta ndogo kwa kazi hiyo, mbali na kompyuta yenye daftari la kikundi. Badilisha neno la siri mara kwa mara. Mteja akikutumia barua kwenye simu yako, ifute mbele ya macho yake.

Karatasi zilizoharibika zichanwe au zichomwe. Zisifungie maandazi wala karanga. Jina la mtu na namba ya familia yake si kitu cha kutembea sokoni.

Siku ya kuuza printa, irudishe kwanza kwenye mipangilio ya kiwandani, maana imeshika neno lako la siri. Mashine kubwa za ofisini nyingine zina diski ndani inayotunza nakala za barua. Hizo zifutwe na anayejua.

Na wewe mteja, una haki zako. Uliza kama unaweza kuchapa kutoka kwenye simu yako mwenyewe. Simama karibu na printa mpaka ukurasa wa mwisho utoke. Hesabu kurasa zako. Omba barua yako ifutwe, wala usione haya.

Neno la mwisho. Anayejua kuchapa anaweza kushawishika kuchapa fomu na kuziuza akidai zinampeleka mtu nje ya nchi. Huduma za UNHCR ni za bure, na hakuna fomu ya kununua. Ukiuziwa, umeibiwa. Ukiombwa kuzichapa, kataa, kwa sababu anayeumizwa ni jirani yako aliyekimbia kama wewe.

Kata karatasi hii uibandike karibu na printa yenu. Asiyejua kusoma, msomee.