Mtu wa Mizani



Katika sikukuu hii ya miaka 10 ya chama chetu, tumeona yafaa kumtaja marehemu Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925. Wengi humkumbuka kwa vyeo: Waziri wa Kilimo, kisha wa Fedha, na Balozi wetu Washington tangu 1972 hadi 1983. Sisi twamkumbuka kwa mizani.

Siku zile mkulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa alifika kwa mnunuzi na mzigo wake, akasomewa uzito asioweza kuuhakiki. Ratili zikapotea mbele ya macho yake mwenyewe. Bomani alizunguka vijijini akiwahimiza watu wajiunge, wapime wenyewe, wauze wenyewe. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, naye akawa meneja mkuu. Kabla ya Uhuru shirikisho lile lilikwisha kuwa na vinu vyake la kuchambulia pamba!

Lakini tusifichane. Wanachama walioipata mizani hawakuendelea wote kuitazama, na katika miaka ya 1960 malalamiko juu ya viongozi wa ushirika yakazidi. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa nchini, visirudishwe hadi sheria ya 1982. Bomani alikuwa ng'ambo. Na hata angalikuwapo, balozi hasimami ghalani mahali pa mwanachama.

Mizani yetu i wazi ghalani leo. Kabla ya chakula, twaomba kila mjumbe aje aijaribu.